Akuri: Mayai ya Kiparsi kwa Kifungua Kinywa cha Mbinga na Ufuko wa Nyasa

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini wa hekalu na majirani, katika juma la maadhimisho)



Kamati iliniomba nizungumzie kifungua kinywa. Nilipojibu kwamba ningependa kuzungumzia mayai, mzee mmoja wa kamati alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa upole kama natambua kuwa nitasimama hatua ishirini tu kutoka mlango wa hekalu. Natambua, mzee wangu. Ndiyo maana leo sikuja na yai hata moja, wala sufuria, wala jiko. Katika nyumba nyingi za waumini wa hapa yai haliingii jikoni, na mimi niliyefundisha sayansikimu kwa miaka mingi sikuja kulibisha hodi kwenye mlango lisikotakiwa. Lakini hekalu hili lina majirani, na majirani wanafuga kuku. Tena katika wilaya zetu hizi mbili, Mbinga na Nyasa, suala la nani anakula yai na nani analiuza ni suala zito kuliko linavyoonekana kwenye sahani. Nimeruhusiwa kulisema, na nitalisema.

Chakula chenyewe kinaitwa akuri. Ni mayai ya kuvuruga kwa namna ya Waparsi: laini, mororo, yenye vitunguu, tangawizi, pilipili mbichi, nyanya na majani ya giligilani, yakapakwa rangi na manjano. Huliwa asubuhi kwa mkate au chapati. Anayekula kwa mara ya kwanza hufikiri amepewa mchuzi mzito, si mayai, na hapo ndipo penye ufundi wake. Katika migahawa yetu mayai yana sura tatu: ya kuchemsha, ya kukaanga, na yale yanayomiminwa juu ya viazi yakaitwa chipsi mayai. Yote matatu hupikwa mpaka yakauke. Akuri haikaushwi.

Waparsi ni wafuasi wa dini ya Zarathustra ambao wazee wao walitoka Uajemi baada ya dola ya Wasasani kuanguka katika karne ya 7. Baadhi yao walivuka bahari wakatua pwani ya Gujarat. Habari za kutua kwao zimehifadhiwa katika utenzi wa Kiajemi uitwao Qissa-i Sanjan, uliotungwa karibu na mwaka 1600 na kuhani wao Bahman Kaikobad. Humo tunasoma kwamba mfalme Mhindu aitwaye Jadi Rana aliwapokea kwa masharti: waeleze imani yao, waseme lugha ya nchi, wanawake wao wavae mavazi ya nchi, waweke silaha chini, na harusi zao wazifunge jioni. Kile kisa cha mfalme kupeleka bakuli la maziwa lililojaa pomoni, na kuhani kutia sukari bila maziwa kumwagika, ambacho naona kina ben wa safu ya mbele wameanza kukitabasamia, hakimo ndani ya utenzi huo. Ni masimulizi ya mdomo. Nakipenda hata hivyo, kwa kuwa kinazungumza lugha ya jikoni.

Mimi hunivutia zaidi sharti la lugha. Waparsi waliishika Kigujarati wakakifanya chao, na kwa sababu hiyo majina ya vyakula vyao si mageni masikioni mwa wengi mlioketi hapa. Yai wanaliita eedu. Chochote kinachowekewa mayai juu wanakiita “per eedu”, yaani mayai juu yake: viazi mayai juu yake, bamia mayai juu yake, nyanya mayai juu yake. Wenyewe hutaniana kwamba hakuna mboga ambayo Mparsi hawezi kuipasulia yai. Nitarudi kwenye “per eedu”, kwa kuwa naamini ndiyo itakayotufaa sisi kuliko hata akuri yenyewe.

Msidhani pia kwamba watu hawa wako mbali nasi. Unguja palikuwa na jamii ya Waparsi waliokuwa na hekalu lao la moto, na kampuni ya Waparsi ya Cowasjee Dinshaw, yenye makao yake Aden, ilikuwa na tawi lake mjini humo. Tarehe 5 Septemba 1946 mtoto Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja, katika nyumba ya mtumishi wa serikali ya kikoloni. Jina la Bulsara latokana na Bulsar, mji wa Gujarat ambao sasa huitwa Valsad. Familia hiyo ilihamia Uingereza mwaka 1964, na dunia ikaja kumjua kijana huyo kwa jina la Freddie Mercury. Vijana wa nyuma sasa wameniangalia vizuri. Basi akuri ni chakula cha asubuhi cha watu wa aina hiyo: si chakula cha karamu, bali cha nyumba ya karani, cha kabla ya kwenda kazini.

Iko akuri moja yenye jina la mji, nayo ni akuri ya Bharuch, ambayo hutiwa samli nyingi pamoja na matunda makavu na kokwa. Ni chakula cha matajiri na sitakipendekeza kwa yeyote mwenye shinikizo la damu. Ila mji wenyewe tuutazame. Bharuch ndiyo Barygaza ya zamani, bandari iliyotajwa katika kitabu cha safari za bahari kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1, kitabu kile kile kinachoitaja Rhapta kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki. Kitabu hicho kinataja samli miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa kutoka pande za Barygaza hadi masoko ya pwani ya Somalia. Kwa hiyo samli ilikwisha kuvuka bahari hii kabla ya pilipili na nyanya kufika upande wowote wa bahari hii, kwani hizo ni mazao ya Amerika, na zililetwa na mabaharia Wareno baada ya mwaka 1492. Akuri tunayoijua leo, yenye pilipili na nyanya, haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko huo. Nasema haya kwa wale wanaodhani kwamba chakula cha kigeni ni kile kilichokuja jana, na cha asili ni kile alichokula bibi. Nyanya ya bibi nayo ilikuwa mgeni.

Sasa tushuke nyumbani.

Katika milima ya Umatengo, mahali ambapo wazee walichimba ngoro ili mvua isiwaporomoshee udongo, asubuhi ya kawaida ni chai ya rangi pamoja na viazi vitamu vya kuchemsha, au uji, au kiporo cha ugali na maharage. Tunalima kahawa tunaiuza, kisha tunakunywa chai. Hilo ni jambo la siku nyingine. Huko chini ziwani, mita zipatazo 475 juu ya usawa wa bahari, ambako jua linawaka kweli, asubuhi ni mihogo na chai, na usipa wakiwapo. Yai halimo katika orodha hizi mbili. Si kwamba hakuna kuku. Kuku wako kila uani. Yai huokotwa asubuhi, likafunikwa kwenye kikapu, na siku ya gulio likageuka kuwa chumvi, sabuni na daftari. Wazee walisema kuku wa mkata hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, na akilea hutwaliwa na mwewe. Siku hizi mwewe huyo anakuja kwa pikipiki na trei za plastiki nyuma yake, analipa taslimu, na mayai yanakwenda Songea.

Simlaumu mama anayeuza. Mwenye mayai matano na mtoto aliyerudishwa shuleni kwa kukosa daftari hana haja ya kuhutubiwa. Ila kuna hesabu ambayo lazima tuitazame. Utafiti wa taifa wa hali ya afya ya mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Katika mkoa wetu wa Ruvuma idadi hiyo ilipita 35. Huu ni mkoa unaohesabiwa miongoni mwa maghala ya mahindi ya taifa! Majirani zetu wa Njombe, ambao nao wanavuna mahindi na viazi vya kutosha kulisha miji, walikuwa na hali mbaya zaidi. Maana yake ni kwamba mtoto anaweza kushiba ugali kila siku na bado mwili wake ukakosa vitu vya kujengea. Kudumaa si ufupi wa ukoo. Ni mwili uliokosa chakula bora, au uliosumbuliwa mno na maradhi, katika siku zile za tangu mimba hadi miaka miwili, na pengo hilo ni gumu sana kulifidia baadaye.

Je, yai ni dawa? Hapa naomba tuwe waangalifu, kwa kuwa wapo watu wanaopita vijijini wakisema yai moja kwa siku litamaliza udumavu. Mwaka 2017 walitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika Ecuador, katika milima ya Cotopaxi. Watoto wachanga walioanza kula yai moja kila siku tangu miezi sita hadi tisa, kwa muda wa nusu mwaka, walikua vizuri zaidi, na udumavu miongoni mwao ukapungua karibu kwa nusu kuliko wenzao wasiopewa. Dunia ikashangilia. Kisha watafiti wakaja kwetu. Nasema kwetu kwa maana ya ziwa letu. Walikwenda wilaya ya Mangochi nchini Malawi, kusini mwa ziwa hili hili tunalonywa maji yake, wakawapa watoto mayai kwa muda ule ule, wakiuita utafiti wao Mazira, neno la Kichewa lenye maana ya mayai. Matokeo yakawa tofauti: waliopewa mayai hawakuwazidi wenzao kwa urefu.

Kwa nini? Maelezo moja waliyotoa watafiti ni kwamba watoto wa Mangochi walikuwa wakila samaki tayari. Ndugu zangu wa Liuli na Lituhi, maelezo hayo yawape moyo. Usipa wenu ambao wengi huwaona chakula cha asiye na chochote wanafanya kazi ile ile ambayo yai lilifanya katika milima isiyo na samaki. Lakini sisi wa milimani, wa Maguu na Litembo na Mpapa, ambao usipa hutufikia kwa kipimo na kwa bei, tunafanana zaidi na Cotopaxi kuliko Mangochi. Huo ni mtazamo wangu, na nauweka hapa mbele ya waganga waliopo ili wanisahihishe. Yai la kuku lina takriban gramu sita za protini, lina vitamini A na B12, na lina kolini ambayo ubongo wa mtoto unaihitaji. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu watoto wa miezi 6 hadi 23, linasema mtoto apate kila siku chakula kitokanacho na wanyama, mayai yakiwa mojawapo. Kwa nyumba zisizokula nyama wala yai, maziwa yabebe mzigo huo pamoja na jamii ya kunde, na wazazi wamwone mhudumu wa afya mapema, hasa kwa ajili ya B12. Hilo si kosa la imani yoyote. Ni kupanga tu.

Kuna jambo moja sitalikwepa. Bado wapo kina mama wakwe wanaomwambia mjamzito asile mayai, eti mtoto atazaliwa hana nywele. Nimewaona watoto wengi waliozaliwa na vipara kwa mama ambao hawakugusa yai miezi yote tisa. Nywele zikaota. Mama mkwe ana mambo mengi ya kweli ya kumfundisha mkaza mwanawe; hili si mojawapo.

Nitawaeleza sasa jinsi ya kupika, polepole, ili anayeandika aandike.

Kwa watu wanne chukua mayai sita, au manane yakiwa ya kienyeji, kwa kuwa ni madogo. Kitunguu maji kimoja kikubwa, kikatwe vipande vidogo sana. Tangawizi kipande cha nusu ya kidole gumba na punje tatu za kitunguu saumu, vitwangwe pamoja. Pilipili mbichi mbili, zikatwe. Mwenye watoto aondoe mbegu. Nyanya moja iliyoiva, itolewe mbegu na maji yake, kwa kuwa maji hayo ndiyo adui. Manjano robo kijiko cha chai, bizari nyembamba nusu kijiko, chumvi, na majani ya giligilani kiganja kimoja, yale ambayo Unguja huitwa kotmiri. Samli kijiko kikubwa kimoja na nusu. Maziwa vijiko viwili vikubwa, ukipenda.

Yapime mayai kwanza. Yatie ndani ya bakuli la maji: yai jipya hulala chini, la siku nyingi husimama kwa ncha moja, na linaloelea litupwe bila huruma. Kwetu Mbinga kwenye baridi yai hukaa. Huko Mbamba Bay kwenye joto halikai, hivyo watu wa ziwani wasiruke hatua hii. Kisha pasua kila yai katika kikombe peke yake kabla ya kulichanganya na wenzake. Yai moja bovu huharibu mengine matano, na katika nyumba zetu matano ni mali. Yakoroge kwa uma kidogo tu, mpaka kiini na ute vikutane. Usiyapige kama unayetengeneza keki.

Weka samli kwenye kikaango, moto wa wastani. Tia bizari nyembamba mpaka iteme harufu, kisha kitunguu. Kitunguu kiive mpaka kilainike na kuanza kupata rangi ya dhahabu. Hapa usiwe na haraka, kwa kuwa kitunguu kibichi ndani ya yai laini ni kama kokoto ndani ya wali. Tia tangawizi, kitunguu saumu na pilipili, zungusha kwa dakika moja. Tia manjano, kisha nyanya na chumvi. Nyanya ikauke mpaka samli ionekane pembeni. Mpaka hapa umepika kama mpishi yeyote wa mchuzi, na unaweza kufanya haya yote usiku, ukafunika, ukalala. Mama anayetoka alfajiri kwenda shambani atanishukuru.

Ufundi unaanza sasa. Epua kikaango kabla ya kumimina mayai. Naam, epua. Kikae nje ya moto mpaka uhesabu hadi ishirini. Wenye jiko la mkaa au mafiga wana faida kuliko wenye umeme, kwa kuwa kuinua kikaango ni rahisi kuliko kungoja sahani ya umeme ipoe. Mimina mayai juu ya rojo lile la vitunguu, rudisha kwenye moto mdogo kabisa, makaa yaliyovikwa majivu, na uanze kuvuta kwa mwiko kutoka pembeni kuja katikati, polepole, bila kuacha. Ute wa yai huanza kuganda kwenye joto la nyuzi 60 na ushei, kiini baadaye kidogo. Ukipita 80 yai limekaza na kuanza kutoa maji. Una nafasi ndogo hapo katikati. Ukiona mayai yanashikana mbio, inua kikaango, endelea kukoroga hewani, kisha rudisha. Yakiwa bado yanang'aa na kuonekana kama hayajafika, epua kwa mara ya mwisho. Tia maziwa, tia giligilani, koroga. Joto la kikaango litamaliza kazi wakati unatafuta sahani.

Lakini kwa mtoto mdogo, kwa mjamzito, kwa mzee na kwa mgonjwa, usiepue mapema hivyo. Wagawie wengine kwanza, kisha yao yaendelee kwenye moto mpaka yasiwe na uteute wowote. Yai lisiloiva laweza kubeba vijidudu vya kuharisha, na mwili wa hao hauna nguvu ya mzaha. Wapenzi wa akuri watasema nimeharibu akuri. Niliyoiharibu ni ya sahani moja.

Iliwe na nini? Waparsi hula kwa mkate. Chapati inafaa sana. Mimi nashuhudia kwamba kiazi kitamu cha kuchemsha, kile cheupe kikavu, hupokea akuri vizuri kuliko mkate wa dukani, kwa kuwa utamu wake hupoza pilipili. Muhogo wa kuchemsha pia, ila muhogo huomba pilipili ziongezwe.

Nimesema nitarudi kwenye “per eedu”. Akuri ni chakula cha nyumba yenye mayai sita asubuhi moja. Nyumba ngapi hapa zina mayai sita ambayo hayajapangiwa kazi? Ndiyo sababu naipenda zaidi ile njia nyingine. Pika bamia, au viazi mviringo vilivyokatwa vyembamba, au hata majani ya maboga yaliyokaushwa maji yake, kwa vitunguu na viungo vile vile. Sawazisha juu yake kwa mwiko, chimba vishimo vitatu, pasua yai katika kila kishimo, nyunyiza chumvi na pilipili, funika, na weka moto mdogo mpaka mayai yashike. Ni mayai matatu tu, na watu sita watakula, kila mmoja akipata nusu yai juu ya mboga yake. Watoto wadogo wapewe kwanza, sehemu iliyoiva vizuri. Mayai mawili mengine yaende gulioni. Nadhani mama anaweza kuikubali hesabu hiyo bila kuona ameibiwa.

Watu wa Nyasa mtaniuliza kuhusu usipa. Wakavu, wakitolewa vichwa na kusagwa, wanaweza kutiwa ndani ya kitunguu kabla ya nyanya. Chumvi ipunguzwe. Mparsi wa Mumbai sijui angesema nini, lakini wao ni walaji wakubwa wa samaki, na sidhani angeondoka mezani.

Sasa nawageukia waliovumilia mazungumzo haya yote wakiwa hawali mayai. Ufundi wa akuri uko kwenye kitunguu, samli na subira, na hivyo vitatu havihitaji yai. Chukua lita moja ya maziwa, yachemshe, tia maji ya ndimu moja au mbili mpaka yakatike, chuja kwa kitambaa safi, kamua. Hiyo ndiyo paneer. Maji yanayobaki yasimwagwe. Yakandie unga wa chapati. Vuruga paneer kwa vidole ndani ya rojo lile lile, dakika mbili tu kwenye moto, na umepata chakula ambacho kina ben wengi hapa wanakijua kwa jina la bhurji. Asiyekula vitunguu, na najua ni wengi kati yenu, aache kitunguu maji na kitunguu saumu pia, atie mvuje chembe ndogo ndani ya samli moto, aongeze tangawizi na nyanya. Harufu ya mvuje ikiwa mbichi hukimbiza watu, ikikaangwa huwarudisha. Nyumba isiyo na maziwa siku hiyo ina unga wa dengu: ukorogwe na maji, manjano, pilipili na giligilani, umiminwe kwenye chuma kama chapati ya maji. Wagujarati huiita pudla. Mtoto wa jirani asiyejua atadhani amekula yai, naye atakuwa amekula kunde.

Waparsi wenyewe, ambao hula nyama na mayai, wengi wao hujiepusha na nyama katika mwezi wao wa Bahman, kwa heshima ya roho njema inayowalinda wanyama. Nililifurahia jambo hilo nilipolisoma, kwa sababu linaonyesha kwamba hata meza yenye kila kitu ina siku zake za kujizuia.

Mafunzo ya vitendo yatafanyika kesho saa moja asubuhi, si hapa bali ng'ambo ya barabara, kwenye uwanja wa jirani aliyetukaribisha. Kutakuwa na majiko matatu. Mawili ya upande wa barabara ni ya mayai. La tatu, chini ya mwembe, ni la paneer na pudla, na lina vikaango vyake, miiko yake na sahani zake, vyote vimefungwa utepe mweupe. Vijana wa kuosha vyombo, naomba mnisikilize: vyenye utepe mweupe vioshwe kwa beseni lake, na visipelekwe upande wa barabara hata kwa kuazima. Kina mama wanaoleta mayai wayapime nyumbani ndani ya maji kabla ya kuja. Anayeleta giligilani alete na mizizi yake, tutaipanda.